Kupima mpaka milioni si induksheni

"Nimethibitisha kwa induksheni. Nimejaribu moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, zote zimekubali." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, na wanaoyasema si wavivu. Ni vijana wa kompyuta wa mwaka wa kwanza na wa pili, wale wanaojisomea kwa makundi kule Nyegezi na Malimbe, jijini Mwanza, mpaka usiku wa manane. Siku hizi wameongeza na mashine: "Nimeandika programu, nimeiendesha mpaka milioni, haijakosea hata mara moja." Kazi nzuri, hongera. Ila hiyo si induksheni ya hisabati, na kwenye somo la hisabati diskriti (hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja) ukiiita hivyo utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Maana yenyewe ni fupi. Una kauli inayodai kuwa kweli kwa kila namba asilia n (1, 2, 3 na kuendelea). Unathibitisha mambo mawili. La kwanza, kauli ni kweli kwa namba ya kuanzia. Hii ndiyo hatua ya msingi. La pili, ikiwa kweli kwa namba fulani k, basi inalazimika kuwa kweli kwa k + 1. Hii nitaiita hatua ya kuvuka. Ukipata yote mawili, umezimaliza namba zote bila kuzigusa moja moja. Mfano wa kawaida ni namba witiri: 1 + 3 + 5 na kuendelea, ukijumlisha witiri n za kwanza unapata n². Kwa n = 1 unapata 1, sawa. Sasa chukua k yoyote ambayo witiri k za kwanza zimetoa k². Witiri inayofuata ni 2k + 1. Ongeza: k² + 2k + 1, ambayo ni (k + 1)². Basi, imekwisha. Francesco Maurolico, mwanahisabati wa Sicily, alikuwa na hoja hii katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1575: kila mraba ukiongezewa witiri unaofuata huzaa mraba unaofuata.

Angalia kitu kimoja kabla hatujaendelea. Katika mistari ile hakuna aliyepima n = 2, wala 3, wala 20.

Vurugu yote inatokana na kwamba neno moja limebebeshwa kazi mbili. Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, umtazame mnunuzi mzoefu wa dagaa. Hamwagi gunia zima. Anafungua mdomo wa gunia, anachota kiganja, ananusa, anavunja dagaa mmoja kuona kama amekauka, anafikicha kuona kama kuna mchanga. Akiwa mjanja ataingiza mkono mpaka katikati, kwa sababu anajua wapo wanaopanga wale wazuri juu. Kisha anaamua juu ya gunia lote. Wanafalsafa wanaita hiyo induksheni: umeona baadhi, unahukumu wote. Sayansi nyingi inaishi kwa njia hiyo na haina sababu ya kuona haya, maana gunia haliwezi kukaguliwa dagaa mmoja mmoja. Lakini mnunuzi mwenyewe anajua kwamba anaweza kufika nyumbani akakuta chini kumejaa mchanga. Anakadiria hatari na kupanga bei. Mwanahisabati hana bei ya kushusha. Namba moja tu ikikataa, kauli nzima imekufa.

Mkanganyiko huu si wa wanafunzi wetu peke yao, una umri wa karne kadhaa. John Wallis, profesa wa Oxford, alichapisha mwaka 1656 kitabu ambamo alikuwa akipima hali chache za mwanzo, anaona mpangilio, anatangaza kwamba utaendelea hivyo daima, na njia hiyo akaiita induksheni waziwazi. Mwanahisabati Pierre de Fermat, kule Ufaransa, hakupendezwa. Alilalamika kwamba hoja ya namna hiyo haitoshi, kwa kuwa jambo linaweza kukubali mwanzoni na kukataa mbele.

Kinachonichekesha ni kwamba Fermat huyohuyo alikuwa na gunia lake. Chukua 2, uipandishe kwa kipeo cha 1, kisha 2, 4, 8, 16, kila mara ongeza 1 kwenye jibu. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa. Mwaka 1640 Fermat alieleza imani yake kwamba zitakuwa tasa daima, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho. Inayofuata, ya kipeo cha 32, ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641: ni 641 mara 6,700,417. Tano za juu safi, ya sita mchanga.

Jina tunalolitumia leo lilikuja baadaye sana. Mwaka 1838 Augustus De Morgan, Mwingereza, akiandika makala ya kamusi elezo kuhusu mbinu hii, alipendekeza iitwe induksheni ya kufuatana. Mwishoni mwa makala hiyohiyo akatumia pia jina la induksheni ya hisabati, na hilo ndilo lililoshika. Laiti lingeshika lile la kwanza! Mtu angesikia "kufuatana" akajiuliza nani anamfuata nani, kwa kamba gani. "Ya hisabati" haimwambii kitu; anadhani ni ile ya dagaa, tofauti tu ni kwamba sasa kuna namba.

Nirudi kwa wenye programu. Milioni inaonekana nyingi, na kwa mtu anayesubiri kompyuta yake imalize ni nyingi kweli. Mwaka 1919 mwanahisabati George Pólya alitoa dhana ambayo, kwa lugha nyepesi, inasema hivi: chukua namba zote mpaka kikomo chochote kisichopungua 2, zivunje katika vigawo tasa, na daima angalau nusu yake zitakuwa na idadi witiri ya vigawo, ukihesabu na vinavyojirudia. Pima mpaka elfu, inakubali. Mpaka milioni, inakubali. Mpaka milioni mia tano, bado inakubali. Mwaka 1958 C. B. Haselgrove alithibitisha kwamba dhana ni ya uongo, na mwaka 1980 Minoru Tanaka akaipata namba ndogo kuliko zote inayoivunja: 906,150,257. Mwanafunzi ambaye angeendesha programu usiku kucha na kuzima mashine alfajiri kwenye milioni mia tisa angelala usingizi mnono akiwa amekosea.

Sasa hatua ya kuvuka, kwa sababu hata anayejua kwamba kupima hakutoshi anakwama hapo. Malalamiko ni yaleyale kila mwaka: "Lakini mwalimu, si tunadhania kile kile tunachotaka kuthibitisha?" Hapana, ingawa namna wengi wanavyoandika inawapa haki ya kuuliza. Wanaandika: "Tuseme kauli ni kweli kwa kila k." Hapo umeshamaliza, maana k ni namba yoyote na umesema kila. Hilo "kila" limeumeza uthibitisho mzima. Linaloruhusiwa ni dogo zaidi: chukua k moja, yoyote ile, ambayo kauli ni kweli kwake. Husemi kwamba k kama hiyo ipo. Unasema ikiwepo, jirani yake wa mbele naye anafuata. Kuwepo kwake ni kazi ya hatua ya msingi.

Na hatua ya msingi isidharauliwe kwa sababu ni rahisi. Mtu akidai kwamba 1 + 2 + … + n ni (n² + n + 2)/2, hatua ya kuvuka inapita bila tatizo: ongeza k + 1, panga, utapata (k² + 3k + 4)/2, ambayo ndiyo fomula ileile kwa k + 1. Jaribu. Lakini kwa n = 1 inatoa 2, na haitoi jibu sahihi kwa namba yoyote ile duniani.

Kosa linaloniudhi kuliko yote, na ambalo hata wanaofaulu wanalo, liko kwenye grafu. Ninazungumzia grafu za nukta na mistari, siyo za mhimili wa x na y. Tuchukue visiwa vya ziwa letu, Victoria, viwe nukta, na njia ya boti kati ya visiwa viwili iwe mstari. Dai: kama kila kisiwa kina angalau njia moja ya kwenda kisiwa kingine, basi kutoka kisiwa chochote unaweza kufika kingine chochote, hata kwa kuunganisha boti. Uthibitisho unaoletwa huwa hivi. Visiwa viwili vyenye njia kati yao, sawa. Chukua visiwa k vinavyotimiza sharti. Kwa dhanio letu, yaani kwamba dai ni kweli kwa visiwa k, vimeungana vyote. Ongeza kisiwa kipya. Kwa sharti, nacho kina njia angalau moja ya kwenda kwa wenzake, kwa hiyo nacho kimeungana. Imethibitika.

Inasomeka vizuri kabisa, na dai ni la uongo. Chora nukta nne uziite Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome. Weka mstari mmoja Ukerewe na Ukara, na mwingine Kome na Maisome, usiongeze chochote (tuko kwenye karatasi, ratiba halisi za boti tuziache gatini). Kila kisiwa kina njia yake. Mtu wa Ukara hafiki Maisome.

Tafuta kosa kwenye aya ile na hutaliona kwa haraka, kwa sababu kila sentensi, ukiisoma peke yake, ni ya kweli. Tatizo ni kile ambacho hakikusemwa. Hatua ya kuvuka inadai jambo kuhusu mpangilio wowote wa visiwa k + 1. Mwandishi amezungumzia tu ile mipangilio inayopatikana kwa kuongeza kisiwa kimoja juu ya mpangilio wa k unaotimiza sharti. Mchoro wetu haupatikani hivyo hata kidogo. Ondoa Ukara: Ukerewe inabaki haina njia, kwa hiyo visiwa vitatu vilivyobaki havitimizi sharti na dhanio haliwahusu. Ondoa Kome, Maisome inabaki vilevile. Kisiwa chochote utakachoondoa, mwenzake anabaki mkavu. Yaani upo mpangilio halali wa nne ambao hauna mzazi halali wa tatu, na mwandishi aliuruka mpangilio huo bila kujua.

Ndiyo maana wanaofundisha somo hili kwa makini hukataza kujenga kutoka k kwenda juu. Unaanza na kitu cha ukubwa wa k + 1, chochote atakachokupa mwenye swali. Unaondoa nukta moja, unakagua kama kilichobaki bado kinatimiza sharti, na kikitimiza ndipo unaita dhanio. Kisha unairudisha nukta. Ukifuata njia hiyo kwenye dai la visiwa, unakwama pale pale kwenye ukaguzi, na kukwama huko ndiko kunakokwambia kwamba dai lina walakini. Mwenye kujenga kwenda juu haulizwi swali hilo popote, anapita.

Kwenye namba witiri tofauti hii haionekani, kwa kuwa kabla ya k + 1 ipo k moja tu na hakuna wa kurukwa. Nadhani hilo ndilo linalowaponza watu: wanajifunzia mbinu kwenye jumla za namba wiki mbili mfululizo, mkono unazoea kuongeza kitu upande wa kulia, halafu wanaingia kwenye grafu na miti (grafu zilizoungana zisizo na mzunguko) na mkono uleule.

Basi anayesema "nimethibitisha mpaka ishirini" simgombezi. Kupima za mwanzo ndiyo njia ya kawaida ya kugundua kwamba kuna kitu cha kuthibitisha, na mara nyingi kunakuokoa usihangaike na dai la uongo. Nukta nne zingemtosha yule wa visiwa. Abadilishe tu maneno. Aandike: "Nimepima n kuanzia 1 hadi 20, sijaona mfano kinzani." Sentensi hiyo ni ya kweli na hakuna msahihishaji wa kuikata. Kisha aruke mstari, aandike "Chukua k yoyote ambayo kauli ni kweli kwake," na kazi ianzie hapo.