Usiniulize kama ameshafanyiwa operesheni

Wiki iliyopita niliweka picha kwenye grupu ya familia, mimi na marafiki zangu wawili tumesimama nyuma ya meza ya kondomu na tisheti zetu za kujitolea, tumechoka tunacheka, na kabla sijaweka simu chini binamu yangu wa Kisauni keshaandika: "Huyo wa katikati keshafanyiwa operesheni?" Hakuna hujambo, hakuna hiyo meza ni ya nini. Operesheni, yaani ya viungo vya siri. Na mimi ndo nimetoka kulisikia swali hilohilo siku tatu mfululizo, kwa Kiingereza sijui mara ngapi, kwa Kiarabu mara moja, kwa Kiswahili mara mbili, kwa hivyo simjibu yeye peke yake, naandika hapa na mwengine akiuliza namtumia linki.

Kwa wasionijua, mimi ni nesi wa kliniki ya magonjwa ya zinaa na uzazi wa mpango hapa Melbourne, mtoto wa Mombasa, na hao wawili ni marafiki zangu wa miaka mingi, mmoja mwanamke trans, yaani alipozaliwa aliandikwa mwanamume, mmoja mwanamume trans, kinyume chake. Tunajitolea pamoja kwenye maonyesho ya watu wazima. Najua jina hilo linavyosikika nyumbani lakini Australia wameshayazoea, Sexpo, mojawapo ya maonyesho hayo, ilianzia mji huuhuu mwaka 1996, na ukiingia ndani ni ukumbi mmoja mkubwa, huku wanauza nguo za ndani na vitu vya chumbani, kule jukwaa la dansi na muziki mpaka meza zinatetemeka, katikati kuna wa ushauri wa ndoa na sisi wa afya. Chini ya miaka 18 huingii. Sisi tuna bakuli la kondomu, vipakiti vya vilainishi, uume wa mbao wa kufundishia, vipeperushi vya PrEP, ile dawa ya kujikinga na virusi vya Ukimwi, na viti vitatu vya plastiki. Watu hufikiri tunakwenda kutazama mambo. Tunasimama muda wa saa nane kila zamu na jioni miguu imefura.

Sasa, Jumamosi nilichukua biro nikawa nachora vijistari ubavuni mwa boksi la kondomu. Kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi, swali la operesheni mara 27. Swali la PrEP mara 4. Kondomu kupasuka, ambalo ndilo linaloleta mimba na magonjwa, mara 6. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wamekutana na nesi wa bure asiyewajua jina, na wanachotaka kujua ni suruali ya mwenzangu ina nini.

Mambo ya mwanzo nayapitia mbio manake yameshaandikwa sana. Huntha ni mwili ulivyozaliwa, kromosomu au homoni au viungo havikukaa kike kabisa wala kiume kabisa, na sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu 1,524, kwa hivyo tusijifanye hatuwajui. Trans ni mtu anayejijua kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa, mwili wake unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Shoga ni habari ya unampenda nani, na kwetu pwani shoga pia ni rafiki yangu mwanamke tunayesukana naye, huyo tumwache kando. Mtu anaweza kuwa viwili kati ya hivyo, au kimoja, au asiwe chochote. Na kuwa trans si ugonjwa wa akili, Shirika la Afya Duniani lililitoa jambo hili kwenye sura ya maradhi ya akili, mwongozo mpya wa maradhi ukapitishwa 2019 ukaanza kutumika Januari 2022. Basi.

Linaloniudhi ni hili la kudhani kuwa trans ndiyo operesheni yenyewe. Kwamba mtu anaingia theata mwanamume anatoka mwanamke, na kabla ya hapo alikuwa anaigiza. Sehemu ya kosa naiona iko kwenye maneno yetu, magazeti yanaandika "aliyebadili jinsia", na msomaji akisikia kubadili anaona kisu. Hao wenyewe ukiwasikiliza hawakwambii walibadili, wanakwambia waliacha kujificha. Kuna wanaofanya operesheni, tena za aina nyingi, kifua ni moja, kizazi ni nyingine, viungo vya chini ni nyingine na ni chache kuliko mnavyodhani, kuna wanaozitaka na pesa hawana, kuna wenye moyo au sukari ambao daktari wa ganzi hatawagusa, kuna wasiozitaka kabisa. Wote ni trans. Yule ambaye hajameza hata kidonge kimoja naye ni trans.

Na homoni nazo mnazipa kazi zisizokuwa zake. Testosteroni inamshusha mtu sauti, na ikishashuka haipandi hata ukiacha sindano, inaota ndevu, inasogeza mafuta ya mwili. Hapa wengi wanachoma ile ya miligramu 1,000, mafuta mazito mililita 4 kwenye tako, nasukuma polepole dakika mbili nzima huku tunapiga soga, na anarudi baada ya kama wiki 12. Estrojeni haina nguvu hiyo kooni. Haipandishi sauti, haing'oi ndevu zilizokwishaota, ndo maana shoga yangu wa kwenye picha alikwenda leza vikao visivyohesabika na akafanya mazoezi ya sauti kila asubuhi ndani ya gari akienda kazini. Mnaposema "sauti ya kuigiza" mjue mnaitukana kazi ya miaka.

Halafu hili nitalisema kwa herufi kubwa kliniki nzima inisikie: TESTOSTERONI SI UZAZI WA MPANGO. Hedhi inaweza kukatika miezi mitatu minne na yai bado likatoka. Nimeshamkalisha mwanamume mwenye ndevu kuliko baba yangu nikamwambia kipimo cha mimba ni chanya, na yeye aliambiwa na wenzake kuwa sindano inatosha. Haitoshi, na ile dawa haifai kwa mtoto aliye tumboni. Ukiwa na kizazi na mwenzako anatoa mbegu, tumia kinga, iwe kitanzi au kipandikizi au kondomu.

Hapo ndipo binamu yangu atanishika, ataniambia "si na wewe unauliza viungo?" Ndiyo, nauliza. Kliniki nauliza kila siku, una mlango wa kizazi? una matiti? una ovari? manake mwenye mlango wa kizazi ana haki ya kupimwa saratani yake hata kama kitambulisho kimeandikwa mwanamume. Hapa tangu Desemba 2017 tunapima HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kila miaka mitano badala ya kile kipimo cha Pap cha kila miaka miwili, na tangu Julai 2022 kila anayestahili kipimo anaruhusiwa kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, anaingia chooni, dakika moja, karudi. Wanaume trans waliokimbia kile kitanda cha kupanua miguu miaka kumi nimewaona wakirudi kwa sababu ya kijiti hicho tu. Kwa hivyo swali lenyewe halina dhambi. Ila mimi nikiuliza nina sababu, nasema sababu kwanza, mlango umefungwa, na jibu linaandikwa kwenye faili la mtu mmoja. Wewe na kikombe chako cha bia mbele ya jukwaa la dansi una sababu gani?

Na niseme la kweli, hata mimi nimelikosea. Miaka ya mwanzo alikuja kijana koo limevimba, homa, usaha kwenye tonsili naziona kabisa kwa tochi, na mimi nikamwuliza keshafanyiwa nini na kizazi chake kikoje. Alinijibu vizuri, kwa adabu. Nikampa penisilini akaenda, hakurudi tena pale na sikumlaumu. Koo lake halikuwa na habari na kizazi. Nilikuwa na shauku nikaivalisha sare ya nesi.

Kwa wanaosema "lakini sheria lazima ijue", sheria yenyewe imeshalipita swali hilo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya wanaume wawili trans wa Western Australia, walikuwa wanatumia testosteroni, vifua wameshaondoa, vizazi bado wanavyo, wakanyimwa cheti cha kutambuliwa kuwa wanaume kwa ajili hiyo. Majaji wakasema mtu anatambulika kwa jinsi anavyoonekana na kuishi mbele za watu, na jamii haihitaji kujua viungo vilivyofichika ndani ya mwili wake ndo imtambue. Wakapewa haki yao. Hapa kwenye jimbo letu la Victoria sharti la operesheni liliondoka kwenye cheti cha kuzaliwa tarehe 1 Mei 2020. Na msiseme mambo ya wazungu, Nairobi mwaka 2014 Audrey Mbugua, mwanamke trans, aliishinda KNEC, baraza la mitihani la Kenya, mahakama ikaamuru cheti chake cha sekondari, KCSE, kitolewe upya kwa jina lake na bila alama ya jinsia. Alama alizopata kwenye mtihani hazikukaa kwenye nguo ya ndani.

Jambo jengine ambalo najivunia kidogo, lugha yetu. Waingereza wanatoka jasho na vile viwakilishi vyao, beji za "he" na "she" tunazivaa kifuani sote. Sisi tuna "yeye" tu. Anakuja, amekaa, kanipigia. Shangazi yangu wa Likoni alizungumza na rafiki yangu kwenye simu nusu saa, mimi natafsiri, hakukosea hata mara moja manake Kiswahili hakikumpa nafasi ya kukosea. Sisi mtihani wetu uko kwenye dada na kaka, mama na baba, bwana na bibi, na hapo mtu hawezi kujificha nyuma ya sarufi. Ukimwita kaka mbele ya watu umechagua. Ukiona tabu, "ndugu" lipo, "mwenzangu" lipo, "binamu" halina jinsia.

Sasa mashaka yangu, ambayo kwenye semina hatuyasemi. La kwanza ni la dawa: viwango vya homoni tunavyovilenga kwenye damu tumeviazima kwa wanawake na wanaume wasio trans, tunaviandika kwenye karatasi kama vimeshuka kutoka mbinguni, na kila ninapomwambia mtu "iko sawa" najua ni makadirio mazuri, yaani si zaidi ya hapo. La pili linaninyima usingizi zaidi. Kwenda na marafiki zangu kwenye maonyesho ya mambo ya chumbani, je, tunaondoa ile fikra kwamba trans ni habari ya kitandani au tunaigandisha? Mmoja anasema watu wale ndio wasiokuja kliniki, kwa hivyo tuwafuate walipo. Mwengine mwaka mmoja alikataa kuja, alisema amechoka kuwa maonyesho ndani ya maonyesho. Wote wawili nawaona wana haki, na mimi bado kila mwaka najiandikisha.

Jumapili mchana, muziki umepungua kidogo, akaja mzee mmoja Mrundi, alinisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu. Shikamoo mzee. Marahaba binti. Akaniambia amepewa tiketi na mwenzake wa kazini, akazunguka meza mara mbili akishikashika vipeperushi asivyosoma, halafu akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, huyu dada amekatwa? Nikasema mzee, hilo sikuulizi wewe na wewe usiniulize. Nilikuwa nimechoka, ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Akanyamaza. Shoga yangu hakuelewa maneno lakini swali alilijua kwa uso wangu, na akafanya alichofanya, akamvutia mzee kiti akampa chupa ya maji.

Mzee akakaa. Ikapita kama dakika tano anatazama viatu vyake, kisha akaanza mwenyewe: usiku anaamka mara nne tano kwenda haja ndogo, mkojo unasimama katikati, na chumbani mambo yamelala, mama watoto hajui aseme nini. Miaka miwili hajamwambia mtu. Nikatafsiri ili na mwenzangu afuate, nikamweleza mzee habari ya tezi dume, kwamba kuvimba kwake kwa umri ule ni jambo la kila siku, kwamba kuna vidonge, kuna kipimo cha damu, na lazima amwone daktari wiki hii. Uso wake ulionyesha hasikii, aibu imemziba masikio. Shoga yangu akaniambia, mwambie na mimi ninayo.

Nikakwama. Mwanamke ana tezi dume, sema hiyo kwa Kiswahili kwa mzee wa miaka sabini. Nikasema hivyohivyo: dada anasema na yeye anayo tezi hiyo, na daktari wake anaijua, na ikimsumbua atakwenda kutibiwa. Mzee akamtazama, akacheka kidogo, akasema "kumbe ni wagonjwa wenzangu". Nikamwandikia barua ya kwenda kwa daktari, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, akaniambia mwambie dada ahsante kwa maji.

Tezi dume hata kwenye operesheni ya viungo vya chini hawaitoi, inabaki palepale. Mzee aliondoka hajui lolote kuhusu kile alichokuja kukiuliza, na miadi ya daktari wake ni Alhamisi.