Bunduki ya wenzo ya kaliba .22, na kwa nini vilengeo vyake ndivyo vya kwanza kuguswa

Bunduki ya wenzo haihitaji utaalamu kuitambua. Nyuma ya kifyatulio kuna mkono wa chuma wenye kitanzi, na vidole vitatu vya mkono unaofyatua huingia humo. Ukiusukuma wenzo huo chini na mbele, bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, inarudi nyuma, ganda lililotumika linang'olewa na kurushwa nje, na nyundo inasukumwa nyuma mpaka inanasa. Ukiurudisha juu, bolti inakwenda mbele na kuingiza risasi nyingine chemba, yaani nafasi ya risasi mwanzoni mwa mtutu. Bunduki haishuki begani na jicho halihami. Mengine yote ni namna tu kila kiwanda kilivyoamua kupanga vipuri ndani.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye risasi. Katika risasi nyingi za kisasa fataki, yaani kile kikombe kidogo chenye kemikali ya kuwashia baruti, hukaa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya ukingo haina kikombe hicho. Kemikali imetandazwa ndani ya ukingo uliokunjwa kuzunguka kitako, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo upande mmoja. Ili upondeke, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halivumilii msukumo mkubwa wa gesi. Ndiyo maana risasi za namna hii zimebaki ndogo, na ndiyo maana ganda lake likishapigwa halijazwi tena, linatupwa.

Inayotumika kuliko zote ni .22 Long Rifle, ambayo ipo tangu 1887; .22 ni kaliba, yaani kipenyo cha tundu la mtutu kwa inchi. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 320 hadi 380 kwa sekunde, kutegemea aina. Teke lake halimtishi hata anayejifunza. Lakini udogo huo usimpumbaze mtu: ikielekezwa juu bila kujali inakoangukia, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa hiyo ukuta wa udongo nyuma ya shabaha ni wa lazima hata kwa bunduki inayoitwa ya mazoezi.

Wengi huichukulia bunduki hii kuwa mtoto wa zile bunduki kubwa za wenzo za wawindaji. Historia inasema karibu kinyume chake. Henry ya 1860, iliyofungua njia kwa bunduki zote za Winchester za wenzo, ilitumia risasi ya ukingo ya kaliba .44; pini yake iliponda ukingo sehemu mbili kwa pigo moja, kupunguza uwezekano wa risasi kukataa kulipuka. Winchester ya 1866 iliendelea na risasi hiyohiyo. Risasi za fataki ya katikati zilikuja kutawala baadaye, kuanzia modeli ya 1873. Kwa upande wa .22, Marlin ilitoa modeli ya 1891, na ukoo wake ulizaa Model 39, iliyodumu miongo mingi. Annie Oakley, mlenga shabaha maarufu wa Marekani, alitumia Marlin za ukoo huo. Browning ilileta BL-22 mwishoni mwa miaka ya 1960, Winchester ikatoa 9422 mwaka 1972, na Henry ya sasa, ambayo imerithi jina tu na si kampuni ile ya zamani, ilianza kuuza H001 katika miaka ya 1990.

Kuizoea kunaanzia kwenye magazini. Ni bomba refu lililolala chini ya mtutu, na ndani yake mna bomba jingine lenye springi inayosukuma risasi nyuma kuelekea kwenye bolti. Kwenye bunduki kubwa za wenzo bomba la namna hii lina hatari yake: ncha kali ya risasi moja hugusa fataki ya iliyo mbele yake, na mshtuko wa teke unaweza kuilipua, ndiyo maana risasi zake zilitengenezwa kwa muda mrefu zikiwa na ncha bapa. Kwa risasi ya ukingo tatizo hilo halipo, kwa kuwa katikati ya kitako hakuna cha kulipuka. Hatari ya .22 iko kwingine. Ukichomoa bomba la ndani na risasi zikamwagika, ni rahisi kuamini kwamba bunduki ni tupu. Bado moja inaweza kuwa imekaa kwenye kinyanyuzi, kile kipande kinachoipandisha risasi kutoka kwenye bomba, au chemba. Elekeza mtutu mahali salama, fungua wenzo mara kadhaa, kisha tazama chemba na hata uiguse kwa kidole. Hapo ndipo ushike bisibisi.

Jambo la pili ni nyundo. Bunduki nyingi za wenzo za zamani, na nyingi za leo, hazina kitufe cha usalama. Zina mkao wa robo au nusu ambapo nyundo hunasa kabla ya kufika kwenye pini. Kuishusha nyundo kwa kidole gumba huku chemba ina risasi kunahitaji utulivu, na mwenye vidole vyenye jasho au baridi ni bora aondoe risasi kwanza. Na kosa la wageni wengi ni kuuonea wenzo huruma. Usiposukumwa mpaka mwisho, ganda halitoki vizuri na risasi inayofuata inakwama. Sukuma kwa nguvu ileile, mpaka mwisho, kila mara.

Sasa vilengeo. Ikitoka kiwandani, bunduki hii kwa kawaida huwa na shanga ndogo au bamba jembamba karibu na mdomo wa mtutu, na kilengeo cha nyuma chenye mkato wa herufi V au U, mara nyingi kikiwa na pembe mbili zilizojikunja juu kama za nyati. Chini ya kilengeo cha nyuma kuna kabari yenye ngazi. Ukiisogeza, kilengeo kinapanda au kushuka hatua moja. Kinapendeza kutazama. Kwa kulenga, kwa maoni yangu, ni kipande kibovu kuliko vyote kwenye bunduki ambayo vinginevyo ni nzuri.

Sababu ni jicho. Mpigaji anatakiwa aone vitu vitatu kwa mpigo: mkato ulio nusu mita tu kutoka usoni, shanga iliyo mbali kidogo, na shabaha iliyo mita hamsini. Lenzi ya jicho haiwezi kung'arisha vyote vitatu kwa wakati mmoja. Kijana huruka haraka kutoka kimoja hadi kingine na kudhani anaviona pamoja. Aliyevuka miaka arobaini, ambaye lenzi yake imeshaanza kuwa ngumu, huona mkato wa nyuma kama ukungu tu. Zile pembe nazo hufunika nusu ya shabaha bila kuongeza faida.

Shanga ya mviringo ina hila yake. Jua likitoka kushoto, upande wa kushoto wa shanga unang'aa, na jicho linachukulia ule mng'ao kuwa ndio katikati. Mtutu unakuwa umekwenda kulia bila mpigaji kujua, na risasi zinakwenda kulia. Jua likihamia upande mwingine, nazo zinahama. Watu wamelaumu risasi, upepo na hata bunduki kwa jambo hili. Bamba lenye uso bapa na kingo za mraba hupunguza tatizo hilo kwa sehemu kubwa.

Halafu kuna umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Tuseme ni milimita 400. Ukikosea upangaji kwa milimita moja, shabaha ikiwa mita 50, risasi itakosea kwa sentimita 12.5. Kilengeo cha nyuma kikirudishwa hadi mwisho wa mwili wa bunduki, yaani lile kasha la chuma lenye bolti, umbali ukawa milimita 600, kosa lilelile linashuka hadi sentimita 8.3. Mtutu haujabadilika, risasi haijabadilika, mkono ni uleule.

Hayo yote mawili, ukungu na umbali, hutatuliwa na kilengeo cha tundu. Ni kipande kidogo chenye tobo la mviringo kinachofungwa nyuma ya mwili wa bunduki, karibu na jicho. Kinachowashangaza wengi ni kwamba tundu halilengwi. Unatazama kupitia ndani yake na kulisahau; jicho lenyewe huiweka shanga katikati ya duara, kwa kuwa hapo ndipo penye mwanga mwingi. Badala ya vitu vitatu vinabaki viwili, na tundu dogo lina fadhila nyingine: kwa kupunguza miale inayoingia jichoni, linafanya kilengeo cha mbele na shabaha vyote vionekane wazi zaidi. Si uvumbuzi wa juzi. William Lyman wa Connecticut alipata hataza ya kilengeo cha aina hii mwaka 1879, na kampuni za Williams, Skinner na Marble zinatengeneza vya leo. Tundu dogo linafaa karatasi ya shabaha mchana mweupe. Kwenye kivuli au jioni linatia giza, na hapo sahani yake ndogo yenye tobo hufunguliwa, ukabaki na duara kubwa zaidi ambalo bado linafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya kununua chochote, angalia kama mwili wa bunduki yako una matundu yenye nyuzi za skrubu, au una mifuo miwili iliyoachana milimita 11, iliyochongwa juu. Kilengeo hununuliwa kwa modeli, si kwa kaliba. Ukinunua cha modeli nyingine utaishia kwa fundi mwenye keekee, na tobo lililotobolewa vibaya kwenye mwili wa bunduki halina dawa nzuri.

Kilengeo cha zamani kwenye mtutu hukaa katika mfuo ulio mpana chini na mwembamba juu, na hutolewa kwa kugongwa kando. Kanuni ya mafundi wengi ni kutoa kutoka kushoto kwenda kulia na kurudisha kutoka kulia kwenda kushoto, ukiwa umekaa kama mpigaji. Tumia fimbo ya shaba au nailoni ili chuma kisichubuke, na chora mstari wa penseli kabla ya pigo la kwanza. Pengo linalobaki huzibwa kwa kipande bapa kinachouzwa kwa kazi hiyo. Ukiacha kilengeo cha zamani mahali pake, kitakaa katikati ya njia ya jicho na kuharibu faida yote ya tundu.

Kitu kimoja hukera karibu kila anayefanya kazi hii mara ya kwanza: tundu linakaa juu kuliko mkato wa zamani, kwa hiyo risasi zinapiga juu hata likiteremshwa mpaka chini. Dawa ni kilengeo cha mbele kirefu zaidi, na urefu wake hukokotolewa. Zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo, kisha gawa kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Risasi zikipiga sentimita 10 juu kwa mita 50, na vilengeo vimeachana milimita 600, unahitaji nyongeza ya milimita 1.2.

Kuhusu darubini, sina ugomvi nayo, ila bunduki hii ni nyembamba, nyepesi na hubebwa kwa mkono mmoja pale katikati, na darubini inaondoa sifa hizo zote. Ukiiweka, chagua ndogo iliyopangwa kwa mita 45 hadi 50 badala ya 90 na kuendelea, la sivyo alama ya msalaba itaonekana kuhamahama juu ya shabaha kila kichwa kinaposogea. Utahitaji pia kipande cha kuongeza masikio ya nyundo, kwa sababu kidole gumba hakitapata nafasi chini ya darubini.

Wakati wa kupanga, anza mita 25, piga risasi tano, na utazame katikati ya kundi badala ya risasi moja iliyokupendeza. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi ziende. Cha mbele husogezwa kinyume chake. Egemeza bunduki kwa mbao yake ya mbele, ile inayoshikwa chini ya mtutu, kamwe si kwenye mtutu wala bomba la magazini, maana mgandamizo huo unahamisha kundi zima. Jaribu pia aina mbili tatu za risasi kabla ya kuhukumu: bunduki za .22 huchagua, na risasi ya bei ya juu si lazima iwe ndiyo inayopendwa na mtutu wako. Kundi likitawanyika na kila aina, kagua skrubu zote, kisha mdomo wa mtutu. Nyingi za bunduki hizi husafishwa kutoka mbele, na fimbo ya chuma inayosugua ukingo wa mdomo miaka mingi huuharibu taratibu. Kamba ya kusafishia ni salama zaidi. Model 39 haina shida hiyo, kwani hufunguka vipande viwili kwa skrubu moja kubwa ya pembeni.

Ukishapata katikati kwa mita 50, fahamu kwamba kwa mita 100 risasi itashuka sentimita 15 hadi 25 kulingana na kasi yake, na upepo wa kando nao utaonekana waziwazi. Mita 50 mpaka 75 ndiko bunduki hii ilikozaliwa kufanya kazi, na kwa tundu zuri na mkono uliotulia, makopo na kengele za chuma za umbali huo hazina pa kujificha.