Nyumba ya Fairbanks: fremu ya mwaloni iliyodumu tangu karne ya 17

Ukiitazama kutoka barabarani, nyumba ya Fairbanks mjini Dedham, nje kidogo ya Boston, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, haitii moyo. Mgongo wa paa umebonyea, kuta zimeinama na madirisha hayalingani. Hata hivyo, kati ya nyumba zote za fremu ya mbao zilizobaki Amerika Kaskazini, hii ndiyo kongwe kuliko zote ambazo umri wake umethibitishwa. Sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa majengo huwaomba wageni wasiihukumu kwa mbao za nje. Mbao za nje hubadilishwa kila zinapochoka, na vigae vya mbao vya paa vivyo hivyo. Cha kutazama ni fremu iliyo ndani.

Jonathan Fairbanks alitoka Yorkshire, Uingereza, akavuka Atlantiki mwaka 1633 pamoja na mkewe Grace na watoto wao. Mji wa Dedham ulianzishwa mwaka 1636 kwenye ardhi ya watu wa Massachusett, wenyeji ambao jimbo zima limechukua jina lao. Walowezi waligawiana viwanja na misitu, na humo wakapata mialoni mikubwa ambayo kwao Uingereza ilikuwa imeanza kuwa adimu na ghali. Hilo lisisahauliwe tunaposifu ufundi: mbao hizi zina historia ya ardhi pia.

Tarehe ya ujenzi haikuachiwa masimulizi ya ukoo. Wataalamu walitoboa boriti kwa keekee yenye mdomo ulio wazi katikati, wakatoa kijiti chembamba cha mti kinachoonyesha pete za kila mwaka. Mwaka wa mvua nzuri huacha pete pana, mwaka wa ukame huacha pete nyembamba, na mfululizo huo hulinganishwa na wa miti mingine ya eneo lile ambayo miaka yake inajulikana. Pete ya mwisho chini ya gome ndiyo inayotaja mwaka mti ulipoangushwa. Mbao za Dedham zilionyesha kwamba miti ilikatwa kati ya 1637 na 1641. Na kwa kuwa mafundi wa enzi hizo walichonga mwaloni ukiwa mbichi, maana ukikauka unakuwa mgumu mno kwa patasi, ujenzi haukuwa mbali na miaka hiyo.

Fremu yenyewe ni rahisi kuielewa. Boriti nene zililazwa juu ya msingi wa mawe, nguzo zikasimamishwa juu yake, na nguzo zikaunganishwa kwa mihimili. Chumbani, mhimili mmoja mnene kuliko yote hukatiza darini na kupokea boriti ndogo za sakafu ya ghorofa. Uzito wa ghorofa na paa hushukia kwenye nguzo. Ukuta unaoziba nafasi kati ya nguzo haubebi kitu. Kazi yake ni kuzuia baridi na upepo.

Viungo ndivyo vinavyostahili kutazamwa kwa karibu. Ncha ya boriti moja ilichongwa ulimi, na nyingine ikachimbwa tundu la kuupokea ulimi huo. Fundi alitoboa mashavu ya tundu kwa keekee, kisha akatoboa ulimi, ila tobo la ulimi alilisogeza kidogo tu, upana wa punje ya mchele au chini yake, kuelekea kwenye bega, yaani ukingo wa boriti pale ulimi unapoanzia. Msumari wa mti ulipogongwa ukapita matobo hayo yasiyolingana, ulilazimika kupinda, na katika kupinda ukauvuta ulimi ndani mpaka bega likabana kabisa. Mti mbichi ulipokauka, kiungo kikazidi kushika. Hakikuhitaji gundi wala chuma. Kiungo cha namna hii kina ulegevu kidogo, na ulegevu huo ndio uokozi wake: msingi ukititia upande mmoja, fremu huinama nao badala ya kupasuka.

Nafasi kati ya nguzo zilijazwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na nyasi, kazi ambayo msomaji wa Handeni au Kakamega hahitaji kuelezwa. Sehemu za udongo huo bado zimo ndani ya kuta. Kule Uingereza fremu mara nyingi iliachwa wazi, lakini majira ya baridi ya Massachusetts hayana huruma: maji huingia kwenye udongo, huganda, hutanuka, na ukuta hubanduka. Kwa hiyo walowezi waliuvika ukuta mzima mbao nyembamba zinazolaliana.

Katikati ya nyumba ya mwanzo ipo dohani kubwa ya matofali, yenye chumba kila upande na vyumba vingine juu. Chumba kimoja kilikuwa cha kupikia na shughuli za kutwa, kingine cha heshima, na humo ndimo wenye nyumba walimolala. Karibu na meko zimeonekana alama zilizokwaruzwa za kujikinga na uchawi, kwani dohani ni tundu lisilofungwa mlango. Baadaye kikaongezwa kipenu nyuma, na mabawa mawili pembeni. Vizazi 8 vya ukoo mmoja viliishi humo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba ilipogeuzwa makumbusho chini ya umoja wa ukoo huohuo.

Mabawa hayo ndiyo yanayoleta mjadala. Mjini Boston ipo nyumba ya Paul Revere, mfua fedha aliyepata umaarufu katika Mapinduzi ya Marekani, iliyojengwa karibu mwaka 1680. Ilipokarabatiwa mwaka 1907 na 1908, nyongeza, pamoja na ghorofa ya tatu ambayo Revere mwenyewe aliishi nayo, ziliondolewa ili irudi kwenye sura yake ya kwanza. Wageni wanapata jengo safi, lakini si lile alilolijua mtu ambaye jina lake liko mlangoni. Kwa maoni yangu, Dedham walichagua vizuri zaidi: nyongeza zimebaki, na mtu anaweza kufuata jinsi familia ilivyopanuka na kupungua.

Kuhifadhi fremu kama hii ni kupambana na maji kabla ya kitu kingine. Kinachooza kwanza ni boriti ya chini, pale udongo wa nje ulipopanda au matone ya paa yanaporuka na kuulowesha ukuta. Dawa ya kwanza ni koleo: shusha udongo, elekeza maji mbali. Pakiwa pameshaoza, hukatwa sehemu iliyooza peke yake, kikaungwa kipande kipya cha mwaloni kwa kiungo kirefu cha mshazari. Rangi ya plastiki haipakwi, kwa sababu hufungia unyevu ndani ya mti, wala saruji haisukumwi kwenye nyufa za ukuta wa udongo. Kipande kipya huandikwa mwaka wake upande usioonekana, ili fundi wa baadaye asikidhanie ni cha 1640.