Ser, estar na parachichi bichi

Nafundisha Kihispania kwenye shule ndogo pembezoni mwa Tukuyu. Vitabu tulivyonavyo viliandikiwa wasomaji wa Kiingereza, na mwaka wa kwanza nilivifuata ukurasa kwa ukurasa. Watoto wakakwama kwenye vitenzi viwili, ser na estar, ambavyo vyote humaanisha "kuwa". Leo naamini kosa lilikuwa langu: niliwapitisha Kiingereza, lugha ambayo hapo ina kitenzi kimoja tu, wakati Kiswahili kinaitenganisha maana hiyo vizuri.

Soy de Tukuyu: mimi ni wa Tukuyu. Estoy en Tukuyu: nipo Tukuyu. Hakuna mtoto wa Rungwe anayesema "mimi ni shuleni". Tofauti hiyo aliijua kabla hajashika kalamu.

Mambo hayalingani kila mahali, lakini. Estar hubeba hali pia, na hapo Kiswahili mara nyingi hutumia -me-: estoy cansada, nimechoka. Ndipo ninapoleta parachichi darasani. El aguacate es verde, parachichi lina rangi ya kijani. El aguacate está verde, parachichi bado bichi. Watoto waliozoea kubonyeza tunda kwa kidole kabla ya kulikata wanaelewa papo hapo. Kisha nawaambia kwamba aguacate ni neno la Kinahuatl, lugha ambayo bado inazungumzwa Meksiko, na kwamba mti wenyewe asili yake ni pande hizo. Viazi mviringo navyo vilitoka milima ya Andes. Huko wanaviita papa, ilhali Hispania ni patata. (Papa huwachekesha sana, wanamwona samaki.)

Vitenzi vingine vinakwenda vizuri pia. Te quiero ni nakupenda: te inafanya kazi ya -ku-, na yo haihitajiki mbele, kama sisi tusivyolazimika kusema mimi. Irabu ni tano zilezile. Ñ ni ny yetu. Mesa na meza, bandera na bendera, azúcar na sukari, hayo wanayagundua wenyewe.

Kinachotutesa ni r. Darasani kwangu l na r huchanganyika, na Kihispania hakisamehe: pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. Kila kipindi tunaanza na dakika tano za maneno hayo matatu, kwa sauti, wote pamoja, na sitaacha.

Wazazi huniuliza lugha hii itawafikisha wapi watoto. Huwa naanzia Afrika: Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, na hadi leo Kihispania ni lugha rasmi huko. Watoto Waafrika wanakisoma darasani kama hawa wangu.

Muhula ujao nabadilisha jambo moja. Vitabu huanza na tú, namna ya kumwita rafiki, na usted ya heshima huja baadaye. Mimi nitaanza na usted, kwa sababu hapa kwetu mtoto hufundishwa shikamoo kwanza.