Kubadili matumizi ya jengo: maana yake, na kwa nini ugomvi huishia kwenye maegesho

Kubadili matumizi ya jengo ni kulipatia jengo lililopo kazi nyingine, tofauti na ile liliyoruhusiwa kufanya, bila kulibomoa. Maktaba iliyofungwa inageuzwa fleti. Kituo cha polisi kilichohama kinakuwa makazi ya familia kumi. Wengi hudhani ni suala la mafundi, kuta za kuvunja na mabomba ya kupitisha. Kisheria sivyo. Hata usipogusa tofali moja, watu wakianza kulala mahali palipokuwa pa kuazima vitabu, matumizi yamebadilika, na kwa kawaida kibali kinahitajika.

England huyapanga matumizi kwa madaraja. Tangu Septemba 2020 maktaba, shule, makumbusho na mahakama zipo daraja la F1, na nyumba ya kuishi ipo C3. Kutoka F1 kwenda C3 unaomba kibali cha mipango miji, na hapo ndipo majirani hupata nafasi ya kusema.

Kabla ya majirani, jengo lenyewe lina la kusema. Chukua kituo cha polisi cha zamani: mahabusu zina kuta nene na kidirisha kimoja juu ya kichwa cha mtu. Huwezi kumuuzia mtu chumba hicho kama chumba cha kulala, kwa hiyo huishia kuwa stoo ya baiskeli. Maktaba ina shida nyingine. Dari iko juu kiasi cha kuingiza ghorofa ya nusu, lakini katikati ya ukumbi ni giza, mbali na dirisha lolote. Ndiyo maana idadi ya fleti huamuliwa na madirisha kuliko mita za mraba.

Idadi ikishatajwa, maegesho yanaingia. Tangazo likisema fleti kumi na mbili, mtaa unasikia magari kumi na mbili, na mwenye wasiwasi zaidi anasikia ishirini na nne. Mwekezaji naye hujibu kwamba jengo lilipokuwa likifanya kazi lilivuta magari mengi kuliko hayo. Huwa nawaona wote wawili wana haki, maana kila mmoja anahesabu saa tofauti. Magari ya maktaba yalifika asubuhi na kuondoka jioni. Ya wakazi yatafika jioni, muda uleule ambao mtaa mzima unarudi nyumbani. Jumla ya safari za siku inaweza kupungua na bado saa nne usiku ukakosa pa kuegesha.

Kuna kosa jingine, la kulinganisha na jengo tupu. Mtaa ukikaa miaka mitatu mbele ya jengo lililofungwa huzoea utulivu ule na kuuona ndio hali ya kawaida. Afisa mipango hatazami hivyo. Huuliza pia jengo lingeweza kutumika vipi kihalali bila kibali kipya. Kwa kuwa maktaba na shule zipo daraja moja, shule ikifunguliwa kesho ndani ya maktaba ya zamani, hakuna anayeweza kuizuia kwa hoja ya maegesho.

Namna ya kulipima jambo hili ipo. Huko London, halmashauri ya Lambeth iliweka utaratibu ambao wengine wameuiga: magari huhesabiwa usiku wa manane, kati ya saa sita u nusu na saa kumi na moja u nusu alfajiri, kwa siku mbili za kazi, ndani ya mita 200 za kutembea kutoka kwenye jengo. Saa hizo karibu kila mkazi yupo kwake. Tuseme barabara zina nafasi 80 na magari ni 68. Hiyo ni asilimia 85, na hapo dereva tayari anaanza kuzunguka akitafuta pengo. Ongeza magari manane, inakuwa asilimia 95. Takwimu kama hizi hubishaniwa vizuri kuliko kelele za mkutanoni.

Jibu la haraka ni kutengeneza maegesho uani. Nafasi moja ya kawaida huko England ni mita 2.4 kwa 4.8, yaani karibu mita za mraba 11.5, na bado hujaweka njia ya gari kugeukia. Jengo kongwe la katikati ya mji mara nyingi halina ua wa kutosha, na ukilazimisha kila fleti iwe na nafasi yake, mradi unakufa. Los Angeles waliliona hilo. Sheria yao ya mwaka 1999 haikudai maegesho mapya kwa majengo ya zamani yaliyogeuzwa makazi, na ofisi na benki zilizokuwa tupu katikati ya jiji zikapata watu.

Njia nyingine, inayotumika sana Camden, halmashauri nyingine ya London, ni makubaliano ya makazi yasiyo na gari: mkazi wa jengo hilo hapewi kibali cha kuegesha mtaani. Binafsi naiona njia nzuri kwa sharti moja, kwamba mtaa uwe tayari na vibali na wakaguzi. Pasipo vibali, makubaliano hayo ni karatasi tu. Mkazi ananunua gari na kuliegesha mbele ya mlango wako. Na hata penye vibali, fundi wa bomba, muuguzi wa nyumbani na wageni wa Jumapili hawamo kwenye makubaliano.