Aota Ikipasuka Yenyewe: Jinsi Tundu Linavyozibwa kwa Ndani

Aota ndiyo ateri kubwa kuliko zote mwilini. Hutoka moyoni, hupinda kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka kando ya uti wa mgongo hadi tumboni. Kwa kawaida hupasuka palipotanuka au kwa ajali. Mara chache hupasuka bila hayo: mafuta yaliyoganda ukutani hufanya kidonda, nacho huchimba mpaka kikatokea upande wa pili. Maumivu huja ghafla, kifuani, mgongoni au tumboni. Mgonjwa hupauka, hutoka jasho jembamba, pengine huzirai.

Kosa tunalolihofia zaidi ni kumimina dripu ili presha irudi ya kawaida. Presha ikipanda, bonge la damu lililoziba tundu kwa muda hung'oka. Mgonjwa akiwa bado ana fahamu na anajibu maswali, presha yenye namba ya juu (ile inayotajwa kwanza) kati ya 70 na 90 humtosha kwa muda huo, na akihitaji kuongezewa, bora apewe damu kuliko maji matupu. CT, yaani picha za eksirei za mwili tabaka kwa tabaka, ikipigwa kwa dawa ya kung'arisha mishipa, huonyesha tundu lilipo.

Kifaa cha kuzibia ni bomba la kitambaa lililoshikiliwa na fremu ya nitinoli, yaani mchanganyiko wa nikeli na titani. Hukunjwa ndani ya mrija mwembamba, hupitishwa kinenani juu ya waya, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu hiyo tu. Kikifika penyewe, mrija huvutwa nyuma na fremu hutanuka yenyewe. Damu hupita ndani ya bomba; tundu hubaki nje.

Kazi yote iko kwenye vipimo. Kifuani, bomba linahitaji kushika ukuta usio na ugonjwa wa angalau sentimita 2 kila upande wa tundu, na liwe pana kuliko aota kwa asilimia 10 hadi 20: aota ya milimita 30 hupewa bomba la 34. Likiwa dogo, damu hupenya pembeni. Likizidi mno, kitambaa hufanya mikunjo na damu hupita humo. Tena aota ya mtu aliyepoteza damu nyingi husinyaa, hivyo kipimo cha saa ile huweza kudanganya, na daktari asipolikumbuka hilo huchagua bomba dogo.

Bomba refu huweza kufunika vijiateri vinavyolisha neva za uti wa mgongo. Miguu ikilegea, hata siku kadhaa baadaye, amri hugeuka: sasa presha ipandishwe, na maji ya uti wa mgongo yapunguzwe kwa mrija.

CT hurudiwa baada ya mwezi 1, kisha miezi 12, halafu kila mwaka, kwa sababu uvujaji unaoanza upya kwa kawaida hauumi.