Je, wajua kwa nini mhandisi mmoja alibuni wavu wa kuvalishwa aota yake mwenyewe?

Mwaka 2004, Mwingereza Tal Golesworthy alifanyiwa upasuaji ambao hakuna mtu aliyewahi kufanyiwa kabla yake: aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, ilivalishwa wavu alioubuni yeye mwenyewe. Si daktari. Ni mhandisi mwenye ugonjwa wa Marfan.

Marfan hurithiwa. Hitilafu katika jeni ya FBN1 huharibu fibrilini, protini inayozipa tishu uimara. Wengi wenye nao huwa warefu, vidole vyembamba, lakini hatari yenyewe iko kifuani: mwanzo wa aota hutanuka mwaka hadi mwaka, mpaka siku ukuta wake uchanike ghafla. Ndiyo maana madaktari hawangoji maumivu. Kipenyo kikifika sentimita 5, kwa kawaida hushauri upasuaji. Kama katika ukoo kuna aliyewahi kuchanika aota, hata 4.5.

Njia kongwe, ya daktari wa upasuaji Bentall ya mwaka 1968, huondoa sehemu iliyotanuka pamoja na vali, yaani kilango kinachozuia damu isirudi moyoni, kisha huwekwa bomba la kitambaa lenye vali bandia. Vali ya kimakanika hudumu sana, ila damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mgonjwa humeza warfarini kila siku. Dozi ikizidi, atavuja damu. Ikipungua, donge laweza kupanda ubongoni. Mjamzito ana tatizo jingine, kwani dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na wagonjwa wa Marfan wengi hupasuliwa wakiwa bado vijana! Warfarini ya miaka hamsini si jambo dogo, na hiyo ndiyo Golesworthy aliikataa.

Tirone David, daktari wa upasuaji wa Toronto, Kanada, alipata njia ya kuibakiza vali ya mgonjwa mwenyewe, akaishonea ndani ya bomba. Kazi hii inataka mkono uliozoea, na baadhi ya vali huanza kuvujisha baadaye.

Njia ya wavu wa Golesworthy haikati aota wala vali. Aota hupigwa picha, mfano wake huchapwa kwa kompyuta, na wavu laini hufumwa kufuata umbo hilo. Mara nyingi moyo hausimamishwi. Lakini lazima uwahiwe kabla aota haijatanuka mno, vali ikiwa bado inafunga vizuri.

Kwa maoni yangu, kijana aliye na Marfan aanze kumuuliza daktari: vali yangu inaweza kuokolewa? Baada ya hapo, njia yoyote atakayofanyiwa, vipimo vya picha vinaendelea, maana aota iliyobaki ina udhaifu uleule.